Kukwama kwa Pazi

Darasa la pili, Buguruni. Watoto tisini na wawili,
kitabu kimoja kwa madawati mawili.
Pazi akisoma anatiririka:
"Kaka analima. Dada anapika."
Hakosei hata nukta.
Ila kitabu kakishika kichwa chini miguu juu.

Simuumbui mbele ya wenzake.
Nachomoa pochini karatasi ya vitumbua,
kipande cha gazeti, kimelowa mafuta,
naweka kidole chini ya neno.

Kimya. Nje fundi anagonga bati.
"Ngo..." Anafuta jasho.
Anakikodolea kile kialama kidogo
kama aonaye sisimizi kwenye sukari.
"Ng'o... mbe."
Kisha, kwa mshangao: "Mwalimu, ng'ombe?"

Tangu Januari
leo ndiyo mara ya kwanza Pazi kukwama.
Naandika tarehe ubaoni,
kwa chaki nzima.