Maziwa Yananuka Beberu

Mwezi wa saba, Handali. Upepo unatoka Mvumi
umebeba vumbi tu, na vumbi halina la kusema.
Mbuzi majike kumi na mmoja wanacheua nyuma ya miiba,
mikia imelala.
Baba anahesabu kwa vidole: wakipandwa sasa
watazaa mwezi wa kumi na mbili, nyasi zikichipua.
Akachukua kamba, akaenda kwa Chipanta kuazima beberu.

Hawajavuka korongo,
mama akaacha kupepeta uwele: "Wanakuja."

Kwetu harufu husikiwa.
Wapo wanaosikia mbali, na wapo viziwi wa pua.
Baba ni kiziwi wa pua.

Usiku ule beberu alifungwa nje ya zizi,
majike hawakumwona hata ncha ya pembe.
Siku ya nne mkia mmoja ukaanza kupepea,
wa Kijivu, yule mwenye sikio lililochanika.
Siku ya sita, mikia mitano.

Akafunguliwa. Haraka hana.
Jike akikojoa, anakinga mdomo kama mlevi wa pombe ya mtama,
anainua shingo, anakunja mdomo wa juu, fizi nje,
anatulia, macho nusu yamefumba: anasoma.
Mdogo wangu Lechipya anasema beberu anacheka.
Na yule hasi, tunayemnenepesha kwa Krismasi,
ananusa palepale, mkojo uleule,
kisha anarudi kwenye maganda yake ya karanga.
Barua imefika, msomaji hayupo.

Jioni, ugomvi. Mama anaweka kikombe chini:
"Maziwa haya yananuka beberu."
Baba anakunywa, anapangusa sharubu:
"Maziwa ni maziwa, Sechelela. Unatunga."
Anaongeza kikombe cha pili, kwa makusudi.

Nikanusa changu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu;
mwaka uliotangulia ningesema baba kasema kweli.
Sasa ndani ya povu kulikuwa na kitu
kikali, kama pembe inayoungua,
kikanipanda hadi nyuma ya macho.
Nikasukuma kikombe. Mama aliniangalia kwa muda mrefu,
hakusema neno,
akammiminia paka.

Mvua ya pili ilipokata, Kijivu alizaa.
Alimlamba wake mara moja tu, mwili mzima,
na tangu hapo angemjua gizani katikati ya ishirini;
wa mwenzake akija kunyonya, anapigwa kichwa.

Beberu alikuwa kwao zamani. Siku moja baba akampitisha kwetu,
vitoto vikamkimbilia miguuni.
Akavivuka kama anavuka mawe,
pua juu, akivuta kuelekea kwa Mbeleje.
"Huko hakuna jike hata mmoja," baba akasema,
kamba ikimkata kiganja.
Mama na mimi tukatazamana.