Siku ya Tatu, Sauti Ilikauka

Mimi ni usukani. Maneno ni ya Kikoti.
Ndivyo tulivyogawana kazi miaka tisa:
yeye na kipaza sauti, mimi na barabara.

Siku ya kwanza tulianzia bomani, Iringa,
kuta nene, ukungu bado umelalia mabati,
kisha tukashuka Isimila, korongoni,
ambako mvua imechonga nguzo za udongo mwekundu
ikaondoka bila kuezeka.
"Miaka laki kadhaa," akasema Kikoti,
kama anavyosema kila safari,
kama kondakta anayerudisha chenji.
Mwalimu Siwatu, mstaafu wa Pangani,
alilifundisha shoka hili la mawe miaka thelathini na moja
kwa chaki, kwa picha iliyofifia.
Leo akapewa alishike.
Hakulitazama. Alilihamisha kiganja hadi kiganja,
kama anayechagua kiazi gengeni.
"Mbona zito," akasema.
"Watoto sikuwaambia kwamba ni zito."

Siku ya pili misonobari ya Mafinga, makoti,
chai ya tangawizi Makambako,
halafu tukaiacha lami
tukaingia Usangu kwa njia ya ng'ombe.
Oktoba. Hakuna kijani hata cha kudanganyia mbuzi.
Vumbi lilikuja mbele yetu, nyuma yetu,
likakaa kwenye viti bila nauli.
Kikoti alifungua dirisha ili aonyeshe
mahali ngome ya Utengule iliposimama,
akaonyesha, akaonyesha, akameza nusu ya Usangu.
Usiku, gesti ya Rujewa, nilimsikia akikohoa
ng'ambo ya ukuta wa silingibodi.

Siku ya tatu, tukiupanda mlima kutoka Mbeya kwenda Chunya,
alifungua kinywa
kikatoka kitu kama mlango wa stoo.
Akanikabidhi kipaza sauti.
Mimi! Mimi nisiyejua tarehe hata moja.

Wageni watano. Kimya. Kona.
Nikasema: hapa klachi ilikatika, tukalala na nyanya za watu.
Nikasema: pale, chini ya ule mti uliopinda,
babu yangu alipumzika akitoka Tukuyu kwa miguu,
chungu kichwani, anaifuata dhahabu.
Alichimba misimu minne.
Dhahabu aliyoiona kwa macho yake
ilikuwa jino la karani.
Alirudi na kikohozi, na saa ya mkononi isiyotembea,
akaivaa hadi anazikwa,
na mtu akimuuliza, "Mzee, saa ngapi?"
aliitazama kwanza, kwa heshima,
ndipo akatazama jua.

Nikanyamaza. Mikono ilikuwa imelowa.
Mwalimu alikuwa na daftari gotini.
"Mwaka gani huo, Ambakisye?"
Mwaka wa nzige, nikamwambia, ndivyo nyumbani tulivyousikia.
Nikangoja anisahihishe.
Akaandika: mwaka wa nzige.
Hakuweka namba.

Tukashuka upande wa pili, joto likatupokea,
miyombo imekauka, mashimo yameachwa wazi
kama vinywa vilivyokatizwa katikati ya sentensi.
Chunya, maduka ya zamani, milango imefungwa kwa waya,
kijana anapepeta mchanga kwenye karai
pale pale pengine babu alipopepeta.
Mwalimu alishuka, akaomba karai,
akalipima uzito.
Kikoti akaniinamia sikioni, kwa pumzi tu:
"Hiyo ya saa, kweli?"
Ipo, nikamwambia. Ipo kabatini kwa mama.

Wiki mbili baadaye sauti yake ilikuwa imerudi,
asali na limau, na ubishi wake wote.
Wageni wapya, viatu vipya.
Tulipofika kona ya ule mti uliopinda
akashika kipaza sauti,
akawasimulia habari ya mzee mmoja na saa yake.
Aliifanya ya dhahabu.
Alimwongezea mzee wake wa pili, na chui.

Nilimtazama kwenye kioo.
Mlima ulikuwa bado mrefu.
Nikabadili gia.