Misumari ya Endel

Kwanza chakula kikavu, mfuko wa kilo nne:
yuro kumi na tisa na senti tisini.
Helju analamba ncha ya penseli,
anaandika kwa mwandiko wake wa ushonaji,
herufi fupifupi kama mishono ya pindo.

Mchanga wa choo, yuro saba.
Dawa ya viroboto. Huku Tartu? Januari?
Kiroboto gani huyo wa kustahimili baridi hii?
Anaikata. Anawaza. Anairudisha.
Paka kalala juu ya bili ya kupasha nyumba joto,
na bili, kati ya hao wawili, ndiyo nzito.

Hakumtaka.
Miaka sita nyuma Endel aliingia naye kifuani mwa koti,
kitu cha kijivu, chembamba,
sikio moja limeliwa na barafu.
Helju akasema, sindano ingali mdomoni:
"Huyo hataonja senti ya nyumba hii."
"Hataonja," akajibu mume, akivua kofia,
akampa jina Tuhk, maana yake jivu,
kana kwamba jivu halina tumbo.

Endel alizikwa mwezi wa kumi.
Leo Helju amelitoa daftari lake jeusi,
apate kuona mtu anavyopanga matumizi,
maana yeye alijua kupima nguo tu, si mwezi.
Mkate. Viazi. Umeme. Misumari, yuro kumi na nne.
Anafunua: misumari, kumi na nne.
Anafunua: misumari, kumi na tano, bei imepanda.
Miaka sita ya misumari!
Na nyumba ni ya kupanga, ghorofa ya tatu, kuta za zege,
msumari uliomo ni mmoja, wa kalenda,
nao waliukuta.

Anacheka peke yake, kicheko kinakwama.
Kwa sababu mwezi misumari ilipoanza
ndio mwezi mstari wa tumbaku ulipokoma,
na yeye alijigamba kwa dada zake, Vilma na Õie:
"Nimemwachisha sigara kwa maneno yangu."

Kisha ukurasa wa Februari, mwaka wa tatu:
*misumari mirefu, mia moja na sitini.*
Hapo hahitaji kuambiwa.
Ni wiki ile uzi mwekundu ulipopotea kwenye kigae cha uzi,
paka akatapika usiku kucha,
Endel akamfunga kwenye shali, akaaga anakwenda kwa fundi saa,
akarudi jioni, na saa yake ileile, haijatengenezwa.
Tumbo la paka lilikuwa limenyolewa.
Helju aliziona nyuzi. Akazihesabu: tisa.
Zilishonwa vizuri, kwa mkono usio na haraka.
Akanyamaza, akaepua supu.

Basi nani alimficha nani?

Daktari Kersti anasema meno mawili yang'olewe
kabla ya majira ya kuchipua, yuro mia na kitu,
hicho "kitu" hakukitaja.
Helju anagawa: kumi na tano kila mwezi kwenye kopo la vifungo.
Anajumlisha. Anatoa kwenye pensheni.
Pungufu, yuro kumi na moja.
Anajumlisha kuanzia chini kwenda juu,
labda hesabu ina huruma upande huo.
Kumi na moja.

Kahawa, anaandika, nusu pakiti.
Zipu za majirani: asitengeneze tena bure,
hata za yule kijana mpole wa ghorofa ya chini.
Bado nne.

Paka ameamka, anajinyoosha juu ya deni,
anaukaribia mkono wenye penseli.
Mkono mtupu haulambwi, ndivyo isemwavyo;
huyu anaulamba, kwa ulimi wa msasa,
penye wino, penye alama za sindano, penye nne.

Helju anafungua ukurasa mpya.
Pale mume alipoandika misumari
anaandika *Tuhk*, kwa herufi kubwa,
kisha kiasi, kisha nukta.
Zile nne
atazitafuta kesho.