Hesabu ya Fundi wa Lifti

Mwaka huu nimepanda ghorofa nyingi kuliko milima,
na nchi hii ni ya milima.
Kutaisi mara nne, Zestaponi mara mbili,
Batumi wiki nzima ya mvua,
sanduku la spana miguuni, treni ikijikokota
kama mtu asiyetaka kufika.

Mikono bado inanuka grisi. Ndimu haisaidii.

Chiatura, ghorofa ya tisa, bibi Tsiala
alikuwa hajagusa ardhi tangu Machi.
Mlango wa lifti ulipofunguka
hakunishukuru. Alirudi ndani
kuvaa viatu vyake vya sikukuu.

Mengine yamenitoka. Mshahara ulikuja, ukapita.
Nakumbuka mkate wa tanuri, umepinda kama mwezi mchanga,
nikiumega nikielekea kituoni, ukiniunguza vidole;
na Otia akipiga simu usiku
kuuliza tu kama huku theluji imeanza.

Leo ndiyo tarehe ya mwisho.
Lifti ya jengo langu mwenyewe imekufa tangu Oktoba.
Mganga hajigangi.
Napanda ngazi na kilo mbili za machenza,
natua kila ghorofa, si kwa kuchoka sana,
bali ninuse majirani wanapika nini.