Kabla ya Ya Kwanza

Mimi filamu hizi sijaona hata moja.
Nimezisikia, zote tano,
nikiwa upande huu wa bati,
sufuria ya ming'oko ikitokota
na baridi ya Newala ikinila vidole.
Namjua malkia: hukohoa kidogo kabla hajadanganya.
Joka likivuta pumzi bati lote hutetemeka,
chumvi yangu ikamwagika.

Leo wameleta ya sita,
na ya sita, wanasema, ndiyo inayotangulia ya kwanza.
Kiingilio mia tano kimekuwa elfu,
maana malipo ya korosho yametoka Jumanne
na Chipwaza mwenye ukumbi
anazijua siku za watu kuliko imamu.

Saa nne usiku mlango ukafunguka,
wakatoka kama nyuki waliofukizwa.

"Upuuzi!" Likungwa huyo, kiatu kimoja bado mkononi.
"Steringi tumeshamwona mzee, ana mvi, ana wajukuu.
Leo wanamning'iniza gengeni, eti niogope.
Niogope nini? Hafi!
Wajukuu zake nawajua kwa majina."

Vijana wawili wa sekondari nusura washikane mashati
kwa ajili ya upanga:
ya tatu ilisema ulifuliwa kwa machozi,
hii inasema uliokotwa mtoni, una kutu.

Na mtafsiri! Mtafsiri mpya walimchana vipande.
Yule wa zamani alimfanya mfalme aape kwa stakabadhi ghalani,
majini wakapanga foleni kwenye mizani,
mmoja akalalamika kakatwa kilo mbili.
Huyu anatafsiri kilichosemwa.
"Kilichosemwa!" akafoka Likungwa. "Nani alikitaka?"

Fadhila wa vocha hakufoka.
Alinunua ming'oko ya mia tano, akaishika tu.
"Bwana Kijivu nimemchukia miaka tisa," akasema.
"Nimemchukia vizuri, kwa moyo safi.
Leo wananionyesha mtoto wa miaka sita,
baba wa kambo kamfungia ghalani,
anahesabu panya ili apate usingizi.
Chuki yangu sasa niipeleke wapi?"

Wa mwisho kutoka alikuwa Mnali wa bodaboda.
Akakalia dumu langu la maji bila kuomba.
"Mama Somoe, Ukungu yu hai."
Nani?
"Yule farasi. Aliyekufa darajani, kwenye ya pili.
Humu bado mtoto, miguu inagongana,
anakula nyasi ndani ya kofia ya mtu."
Nikaukumbuka usiku ule wa ya pili:
kwato, kwato, halafu kimya,
ukumbi mzima kimya,
hata nikadhani umeme umekatika.
"Kesho narudi," akasema Mnali.
"Daraja linamngoja, najua.
Lakini yeye hajui."

Likungwa akacheka, akanigeukia kwa utani:
"Na wewe bibi wa nje, umeionaje?"

Nikafunika sufuria kwanza.
Nikasema: malkia wenu hakukohoa.
Filamu nzima, tangu magrib, nimetega sikio,
msichana yule anaongea maji matupu, hana kikohozi.
Nikajua bado hajajifunza.
Ila mwishoni, mlipoanza kutafuta viatu,
kuna mtoto analia nyuma ya mlango,
na yeye anamwambia, "Tulia, nitarudi kukuchukua,"
na chini ya sauti ya mtafsiri wenu,
akakohoa.

Hakuna aliyejibu.
Mbwa wa Chipwaza alipita katikati yao, akanusa dumu.

Fadhila akautazama mkono wake kama mtu aliyerudishiwa chenji.
"Kumbe yeye," akasema polepole. "Kumbe ni yeye."
Akamenya ng'oko, akaanza kula,
akaniomba chumvi.

"Kesho," akauliza Likungwa, akivaa kile kiatu,
"wanaanza saa ngapi?"