Ripoti ya Kasoro Namba 2117

Kazi yangu, kule Brno, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu,
ilikuwa kugonga kuta.
Saa nane kwa siku niligonga jiwe lisilo jiwe
kwa upanga usio upanga,
nione kama pana mahali mkono unapenya,
kama shujaa ataanguka nje ya dunia
aelee kwenye weupe, akitembeza miguu.
Niliandika: ngazi inatoweka.
Niliandika: mbuzi ana vivuli viwili.
Niliandika: mfalme akishakufa anaendelea kupepesa macho.
Walirekebisha yote, isipokuwa mbuzi.

Novemba ile, theluji ya kwanza ikigeuka tope kwenye reli za tramu,
hatua ya saba, pango la joka,
nyuma ya maporomoko ya maji,
ukuta ulinipisha.

Ndani, vigae vya kijani,
taulo moja, kioo chenye ufa,
hodhi la kuogea,
na hodhini samaki mnene, mzima,
kama yule baba aliyekuwa akimleta siku tatu kabla ya Krismasi,
nasi hatuogi, tunampa jina,
halafu tunakataa kumla.
Huyu alivaa kofia ya mkaguzi wa tramu.
Nikabonyeza kitufe. Kimya.
Mara ya pili, mapovu.
Mara ya tatu akasema, kwa sauti ya puani:
"Tiketi zenu, tafadhali. Yangu nimeimeza."

Niliangua kicheko hadi Vendelín akavua vipokea sauti vyake.
Kama hukukulia kwetu hutaelewa, nami sitaeleza vizuri:
Jumapili jioni, baada ya supu,
Inspekta Šťovík, kikaragosi cha soksi,
alipanda tramu ya katoni akidai tiketi za watu,
na kila wiki yake mwenyewe imepotea.
Basi, ni hayo tu. Miaka sita ni hayo tu.
Bibi yangu, aliyeogopa kila mtu mwenye kofia,
alimcheka huyu mmoja.

Nani alimweka pale?
Siri ya mtungi aijuaye kata,
nikaenda kuzihoji kata, moja moja.
Wachoraji waliinamia kahawa zao.
Mwanasheria alikwisha kutuma waraka:
mzaha wowote, kumbukumbu ya kipindi chochote,
jina la mtu yeyote ukutani, marufuku.
Usiku, nikipiga mswaki, ndipo nilipomkumbuka Drahomíra
aliyechora maji yote ya mchezo ule,
mito, machozi ya malkia, jasho la farasi,
akaachishwa kazi Septemba,
wiki mbili kabla ya orodha ya majina kufungwa.
Jina lake halimo.

Asubuhi nikafungua fomu. 2117.
Mahali: hatua ya saba.
Uzito wa kasoro:
kielekezi kikapepesa, kikapepesa,
kama mfalme wangu marehemu.
Nikaandika: "Ukuta umekaguliwa. Mgumu."
Jioni nilipanda tramu namba nne
nikiwa nimeshika tiketi mkononi njia nzima.

Mwaka jana Apolena, binti wa dada yangu, miaka kumi na mmoja,
alinivuta shati: Mjomba, njoo.
Alikuwa ameshafika.
Hamjui Šťovík. Samaki kwao hutoka dukani, vipande tayari.
Alibonyeza mara tatu, akasikiliza, hakucheka.
"Ana njaa," alisema.
Akafungua mkoba wa shujaa,
akatoa mkate alioubeba tangu hatua ya pili,
ule usio na kazi, ambao kila mchezaji huutupa,
akaumega majini.

Samaki akala.
Kisha, polepole, kama mtu aingiaye kanisani,
akavua kofia.
Chini yake tiketi, imetobolewa pembeni,
na maandishi madogo kuliko yote mchezoni.
Apolena akasogeza uso hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye skrini.
"Dra-ho-mí-ra," akasoma. "Ni nani?"

Miaka yote ile ya kugonga,
sikuwahi kujaribu mkate.