Ngazi ya Alumini

Barua imefika Molo saa tatu asubuhi,
karatasi nzito kama ya kadi za harusi.
Serikali ya mbali, isiyonijua wala kunidai,
imemtia orodhani aliyemteka mume wangu.
Namba thelathini na moja.
Ana majina manne ya kupanga na moja la kuzaliwa;
mwaka aliozaliwa: unakisiwa.
Kuanzia usiku wa jana, atakayempa hata senti
naye ni mhalifu.

Rodelio hana namba.
Fundi wa mitambo, daraja la pili, miezi kumi na minne
ndani ya meli iliyotia nanga pasipo bandari.

Wakala amepiga simu kutoka Manila.
Fedha zilikuwa tayari, anasema, zimeshahesabiwa,
zimefungwa kwa plastiki, zinangoja ndege ya kuzidondosha.
Benki imezigandisha.
"Mama, mikono yetu imefungwa."
Kwa kamba ya aina gani? nikamuuliza.
Akanyamaza.
Ya Rodelio naijua: ya nailoni, ya buluu.
Niliiona pichani.

Wanataka nitie sahihi. Wake kumi na saba
tuiombe serikali ile ilegeze vikwazo.
Kalamu wameileta wenyewe.

Na leo Alhamisi, kama kila Alhamisi,
Nenita ameniletea sufuria: mbaazi, nguruwe na fenesi,
bado inafuka. Husema na sufuria, hasemi na mimi.
Mumewe, Arsenio, alikombolewa mwaka juzi,
kabla ya orodha, siku fidia ilipokuwa biashara kama biashara.
Mtaa mzima tulichinja, tukaimba hadi jogoo akaona haya.
Mimi ndiye niliyegawa mchuzi.
Nilicheka kuliko wote.

Jioni nimevuka uchochoro.
Arsenio amefungua feni ya mtu,
skrubu amezipanga kwa ukubwa, anazipanga tena.
Tangu arudi hajui usingizi; anajua feni.

Waliokuteka wewe, walipandaje?

"Kwa ngazi ya mianzi, na kulabu walizojifulia.
Mmoja alianguka majini, wakarudi kumwokota."

Na waliomteka Rodelio?

Anajua. Picha ya mwisho kutoka melini,
kabla simu hazijanyang'anywa,
kila nyumba hapa imeiona.
Ameshika skrubu kwa midomo,
anaisukuma kwa ulimi kama mtu atafutaye neno.

"Ya alumini," anasema. "Ya kukunja."

Mpya. Mashua mbili, injini mpya.
Kibandiko cha bei hawakuwa wamekibandua.

Hakuniomba msamaha, wala sikumdai.
Nimerudi. Kalamu ingali mezani,
kando yake sufuria, imepoa, nusu.
Kesho sharti niirudishe,
na sufuria ya jirani hairudi tupu.

Sijui nitie nini.